Kikombe cha Kwanza kwa Anayesemwa

Jumanne, tarehe nne Februari. Kaskazi inavuma kavu tangu alfajiri, mchanga umeingia mpaka ndani ya sanduku la nyuzi, na juu hakuna wingu hata moja la kutudanganya.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu na karatasi ya kumshitaki. Nimerudi salama, na yeye nimemwacha salama, akilalamikia kahawa. Nataka kuandika ilivyokuwa kabla moyo haujaanza kuipamba, lakini nimekwama mwanzoni. Nikianza na karatasi, atakayesoma atamjua Mwalimu kwa kosa lake tu. Nikianza na wema wake, nitakuwa nimempaka mafuta. Sijui waandishi wenyewe hufanyaje. Mimi niliishia darasa la nane na kazi yangu ni kushona kofia. Nitamwandika kama anavyonijia, kisha nitafika leo.

Jina lake halimo. Hapa Mbwajumali ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, hakuna atakayeuliza yupi, ingawa walimu tunao wengi na wengine wana vyeti kumshinda. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo yana wenyewe. Mimi najua niliyoyaona na niliyoyasikia, na nitajaribu kusema lipi ni lipi.

Ni mrefu, mwembamba, hutembea akitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Penseli hukaa sikioni, imebanwa na kofia. Kofia zake namshonea mimi, na kila nikimpelekea mpya huigeuza nje ndani, akatazama mafundo ya uzi, akaguna. Sijapata kusikia kwake kwamba kofia ni nzuri. Lakini binti yangu Mwanaesha alimsikia siku moja akimwambia mgeni kutoka Lamu kwamba kofia kama ile hataipata mjini hata akizunguka maduka yote. Nikamuuliza mwenyewe kama ni kweli. Akasema alikuwa anamringia mgeni tu, nisijitie kiburi.

Paka huwalisha vichwa vya samaki wake na huwaamkia kwa majina. Punda hawaamkii. Chanzo chake nakijua kwa kusikia: zamani, nyumba ya shule ilipokuwa na madirisha yasiyo na vioo, aliweka madaftari ya insha dirishani yapate hewa, punda akapita akala moja. Mwenye daftari alikuwa mwanafunzi mzembe kabisa, lakini Mwalimu aliapa mbele ya darasa kwamba ile ndiyo iliyokuwa insha bora ya mwaka, na kwamba aliyeisoma hajarudisha alama mpaka leo. Yule mzembe sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, na bado anajisifu kwa ile insha.

Sasa niandike la mdomo wake, maana nisipoliandika nitakuwa nimeficha. Mwalimu husema watu. Baada ya alasiri huketi kwenye baraza la msikiti, na kila apitaye hupata lake. Mume wangu, ambaye miezi hii yuko Mkokoni kwenye uvuvi, alipata la kwamba anatembea kama aliyebebeshwa kabati. Nilikasirika. Kisha nikamtazama mume wangu akija nyumbani jioni ile, nikaingia ndani kucheka. Bi Rehema wa upande wa Juu wa kijiji, mama wa watoto wengi na mwenye sauti yake, aliambiwa kwamba akimwita mwanawe hapa, wa kisiwa cha Kiwayu nao huitika. Bi Rehema hakusimama hata kidogo. Alipita na dumu lake kichwani akisema kwamba sauti yake angalau huja na mwenyewe, lakini pua ya Mwalimu hutangulia, mwenyewe akafuata kesho. Baraza zima lilivunjika mbavu, na Mwalimu alicheka kuliko wote.

Nilimuuliza siku moja kwa nini mtu mwenye haki namna ile kwenye karatasi anakuwa hivi mdomoni. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini bahari ina maji.

"Nikikusema kwa mdomo wanijibu papo hapo, tumemalizana. Nikikusema kwa karatasi, karatasi yapanda mashua yenda ofisini, na wewe huku washona kofia hujui. Nani atakujibia huko?"

Bado naona kwamba wapo watu wasioweza kumjibu papo hapo, wenye haya, wenye kigugumizi, na hao mdomo wake huwaumiza. Nilimwambia hilo pia. Akageuza maneno.

Hiyo karatasi ndiyo iliyomtia sifa. Tangu alipostaafu, na hata kabla, yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua za kupeleka kwa chifu na kwenye ofisi za Lamu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Hakutaka malipo. Alitaka kitu kimoja. Kama barua inamlalamikia mtu, mtu huyo lazima aitwe nyumbani kwa Mwalimu, aketi, asomewe barua yote kabla haijakunjwa. Mwenye kulalamika ndiye aletaye kahawa, na kikombe cha kwanza anamiminiwa anayesemwa. Si Mwalimu, si mwenye barua. Akishasikia, anayesemwa husema lake, nalo huandikwa chini. Mwisho hutia sahihi au kidole penye maneno haya: Nimesomewa na nimesikia. Asiyekubali hayo, Mwalimu hamwandikii hata salamu.

Watu walilalamika mwanzoni. Nani anataka kumpikia kahawa adui yake? Lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wake, walizoea. Na niseme kweli, barua nyingi ziliishia palepale. Nakumbuka jirani yetu aliyetaka mwenye punda ashitakiwe kwa kuliwa mkeka mpya wa harusi. Barua ilisomwa, ikafika mahali iliposema punda huyo ana sikio jeupe. Mwenye punda akaweka kikombe chini, akatoka, akarudi akimkokota punda wake mpaka mlangoni. Masikio yote meusi. Mwalimu alitoka nje kuyakagua mwenyewe, kwa chuki yake yote, akayapekua kama anayetafuta chawa, kisha akaandika chini ya barua: Punda huyu, kwa sikio, hana hatia. Barua ikachanwa. Kahawa ikamalizwa.

Lakini si kila mara. Nilikuwepo ndugu wawili waliposomeana barua ya mpaka wa shamba, na yule aliyesemwa alizidi kupandwa na hasira kila mstari, akalitupa buli la kahawa ukutani. Walishikana mashati ndani ya ukumbi wa Mwalimu. Mpaka leo hawaamkiani. Wapo wanaosema kwamba ile barua ingekwenda kimya kimya, wangebaki ndugu. Pengine ni kweli. Doa la kahawa bado liko ukutani; Mwalimu hakulipaka chokaa. Mkewe amelalamika hadi amechoka.

Darasani alikuwa mkali, na Kiingereza chake kilikuwa cha kutufanya tutokwe na jasho. Mengi nimesahau. Kauli moja sijaisahau, na wote waliopita mikononi mwake hawajaisahau: in a bad light, yaani katika mwanga mbaya. Waingereza huitumia pale maandishi, au picha, au maneno, yanapomwonyesha mtu kwa upande wake usiopendeza. Tulipenda kuitumia ovyo. Mtoto akiandika kwamba mwizi fulani yuko in a bad light, Mwalimu humsimamisha.

"Nani anamwonyesha?"

Mtoto hubaki akitazama ubao. Mwalimu huuliza tena. Mpaka sentensi iseme ni nini kilichomwonyesha huyo mtu vibaya, habari ya gazetini, barua, masimulizi ya jirani, kauli haijakaa. Mtu hawi katika hali hiyo peke yake kama aliye ndani ya shimo. Kuna aliyeshika taa, na lazima aandikwe naye. Somo hilo lilinikaa kichwani, ndiyo maana hata daftari hili naliandika kwa woga. Nikimwandika mtu humu, mwenye taa ni mimi.

Lakini nilidhani kauli hiyo ni sawa na kusingizia. Nilidhani akionyeshwa vibaya mtu, basi kadhulumiwa. Nilikosea, na ningeweza kugundua mapema, kwa sababu ya mgeni mmoja mpiga picha.

Mgeni huyo alikuja kutoka kwenye nyumba za watalii za Kiwayu, akatembea kijijini saa moja hivi, akapiga picha. Baadaye mtu alituletea jarida lenye picha yetu. Chini yake iliandikwa kwamba katika kijiji hiki mchana wanaume hulala barazani na wanawake hawaonekani. Vijana walichemka. Wakataka Mwalimu aandike barua ya kumwita mgeni mwongo. Mwalimu alivaa miwani, akasoma, akauliza picha ilipigwa lini. Ilikuwa Ramadhani, adhuhuri, jua la utosi. Wanaume walikuwa wamelala kweli. Wanawake walikuwa ndani kweli, sote tukisubiri kupoe tuanze mapishi.

"Uongo uko wapi hapa?" akauliza. "Katuonyesha vibaya na hajasema uongo. Kaja saa mbaya, akaandika alichokiona, akaacha kuuliza."

Barua aliyoandika haikumwita mwongo. Ilimwalika aje jioni ya Ramadhani nyingine, asomewe jarida lake mbele yetu, anywe kahawa baada ya futari. Hakujibu. Vijana walisema Mwalimu ni mwoga. Mimi nilisema moyoni kwamba ni mpole kupita kiasi. Sikuelewa kwamba alikuwa akitufundisha tena lile somo.

Naja kwenye jabia sasa.

Kijijini kwetu visima vina maji ya munyu, yenye chumvi. Maji ya kunywa ni ya mvua, na mvua tunaikinga kwa jabia, ile sakafu kubwa ya saruji yenye mteremko inayoteremsha maji ndani ya birika lililofunikwa. Birika lina mlango wa bati na kufuli, na ufunguo aliushika Mwalimu. Alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyemshuku. Miaka yote aliyoushika, kila mwenye dumu alipata, asubuhi na jioni, na msimu wa kaskazi ukikaza alipunguza kwa wote sawa, hata kwake mwenyewe. Nimemwona mkewe akirudishwa na dumu la pili.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa upande wa Juu alikutwa akiosha pikipiki kwa maji ya jabia. Hilo ni kweli, watu waliliona, na mwenyewe hakukana. Mwalimu alipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona. Alisimama palepale kwenye mlango wa bati akasema:

"Mai haya si ya kuoshea chuma. Wa Yuu hamtoki na tone mpaka mfundishane adabu."

Akafunga. Si kwa yule kijana tu. Aliwafungia wa Juu wote, na upande wa Bahari, ambako nakaa mimi, tukaendelea kuchota. Nasi tulichota. Niandike na hilo. Tuliwagawia wenzetu madumu kwa kificho, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia Mwalimu kwamba amekosea.

Athmani ndiye mwenyekiti wa vijana, wa upande wa Juu, naye alisoma kwa Mwalimu kama mimi. Wiki hii alinijia na karatasi. Alisema Ramadhani inakaribia, watu hawawezi kufuturu kwa maji ya munyu, ufunguo uondolewe kwa yule mzee, na barua iende kwa chifu. Mwandishi wa barua za mashitaka ni Mwalimu, na Mwalimu hawezi kujishitaki. Basi akaona nani ana mwandiko? Mimi.

Nilimwambia mimi ni mshona kofia. Akasema mtu anayeweza kupiga mistari ya kofia ataweza mistari ya barua. Alikuwa ameshaandika rasimu kwa Kiingereza ili ionekane nzito. Ilisema kwamba Mwalimu anauza maji kwa wageni. Ilisema anawachukia watu wa Juu tangu zamani. Na ilimalizia kwa kusema, Our teacher is in a bad light.

Nilimuuliza nani anauziwa maji. Hakujua, alisikia. Nilimuuliza chuki ya tangu zamani ni ipi. Akasema ile ya baraza, vile anavyomsema Bi Rehema. Nikamkumbusha kwamba Bi Rehema humjibu. Basi hayo mawili niliyafuta mbele yake, akanuna, akasema barua yangu itakuwa tamu kama uji.

Niliandika kwa Kiswahili. Niliandika pikipiki. Niliandika kwamba aliwafungia wengi kwa kosa la mmoja. Niliandika miaka yote ya haki, kwa sababu nayo ilikuwa. Kulikuwa na jambo moja sikuandika.

Zuhura, binti wa Bi Rehema, alikuwa amejifungua siku zilezile. Bi Rehema alikwenda kwenye jabia na dumu moja, akamweleza Mwalimu kwamba ndani kuna mzazi na kichanga. Mwalimu alikataa. Zuhura alikunywa maji ya kisima, na mtoto alioshwa kwa maji ya kisima, mpaka sisi wa Bahari tulipojua tukapeleka. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini mama alikunywa munyu wiki ile yote na kunyonyesha. Niliposhika kalamu nikajiambia pengine Mwalimu hakuelewa aliyoambiwa, upepo ulikuwa mkali, masikio yake yamezeeka. Nikajiambia pia kwamba jambo hili likiwa kwenye karatasi, litamwonyesha vibaya kwa chifu na kwa kila atakayesoma, na mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Nililiacha. Niliona nimefanya haki.

Leo asubuhi nilichukua buli la kahawa na vikombe nikaenda kwake, Athmani akanifuata. Mwalimu alikuwa ukumbini akiwapa paka vichwa vya samaki. Nilipomwambia nimekuja na barua ya kumsomea yeye, hakushangaa. Alinawa mikono, akavaa kofia, akavuta mkeka, akatuonyesha tukae, kama alivyowafanyia wengine wote.

Nilimimina kikombe cha kwanza nikampa yeye. Alikunywa, akakunja uso.

"Kahawa hii imeonyeshwa tangawizi kwa mbali."

Athmani alicheka bila kutaka. Nikasoma. Mwalimu alisikiliza akitazama lile doa ukutani. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaomba na rasimu ya Athmani, kwa sababu alijua lazima ilikuwepo rasimu. Athmani alinitazama, nikamwitikia kwa kichwa, akampa. Alisoma kuhusu kuuza maji, uso haukubadilika. Alisoma kuhusu chuki, uso haukubadilika. Alifika mstari wa mwisho, akaivua miwani.

"Huyu nimemfundisha mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu," Athmani alisema.

"Nani ananionyesha?"

Athmani, mtu mwenye ndevu na watoto, alitazama chini kama yuko darasa la sita. Akasema, "Mimi, Mwalimu. Mimi ndiye ninayekuonyesha."

"Basi jiandike." Akamrudishia karatasi yake, akachukua yangu. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili, maana ilikuwa ukurasa mmoja. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Na mzazi?"

Nilijifanya sijui anasema nini. Akauliza tena. "Binti ya Bi Rehema. Kwa nini hayumo?"

Nilimwambia nilivyoona. Kwamba pengine hakusikia vizuri, upepo, masikio. Kwamba sikutaka kumwonyesha vibaya mtu aliyefanya haki miaka yote.

"Ulibeba nusu ya somo," alisema. "Ile kauli si ya uongo pekee. Hata kweli yaweza kumwonyesha mtu vibaya. Mgeni wa Kiwayu alituonyesha kwa kweli. Ukiificha kweli nionekane mzuri, umeshika taa vilevile, umeielekeza kwengine tu."

Akatoa penseli sikioni akanipa.

"Andika. Bi Rehema alimwomba maji ya mzazi, akamnyima."

Niliandika.

"Andika, alijua."

Nilimtazama Athmani; naye alikuwa hanitazami. Mwalimu alisubiri. Alisema kwamba asubuhi ile alimsikia mtoto akilia kutoka ua wa Bi Rehema, akajua wamepata mtoto, akafurahi, na saa ile ile Bi Rehema akaja na dumu na yeye alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba wa Juu hawatoki na tone. Akaona akifungua, neno lake litaanguka.

"Nilisikia. Nikafunga. Andika alijua."

Niliandika: alijua. Mkewe, aliyekuwa kwenye mlango wa ndani muda wote, alijifunika uso na leso. Sijui kama alikuwa analia. Naandika tu kwamba alijifunika.

Mwalimu alichukua penseli akaandika chini, kwa ule mwandiko wake ambao hakuna mwenye kama wake: Nimesomewa na nimesikia. Akatia sahihi. Athmani akasema taratibu kwamba pengine barua haina haja ya kwenda tena, wameshasikilizana, ndivyo barua nyingi zilivyoishia humu ndani. Mimi pia nilikuwa nikitaka hivyo. Mwalimu akakataa. Akasema zile nyingine zilichanwa kwa sababu hazikuwa na ukweli, au kwa sababu mwenye kudhulumiwa alikuwa ameketi hapa akasamehe. Bi Rehema hayupo hapa. Barua iende.

Kisha akafungua fundo la kikoi kiunoni akatoa ufunguo. Niliona Athmani akinyoosha mkono, kwa mazoea ya mwenyekiti. Mwalimu akauweka kwangu.

"Mpelekee Bi Rehema. Chifu akiamua vingine, ataamua. Mpaka hapo, muyi mzima, Yuu na Bahari, utasikia sauti yake ikiita watu kwa zamu, hapana atakayesema hakusikia."

Nikiwa njiani nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kubeba ufunguo wa kijiji mkononi, mtu asiye na cheo. Nilipofika kwa Bi Rehema nilimsomea barua kabla ya kumpa kitu, kwa sababu naye alikuwa ndani yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa Zuhura amelala pajani mwake. Nilipofika kwenye neno alijua, aliinua kichwa.

"Kasema mwenyewe?"

Nikamwambia kasema mwenyewe, na kaamuru niandike. Bi Rehema alinyamaza, na kwa Bi Rehema kunyamaza ni jambo. Baadaye akasema kwamba pua ya Mwalimu bado ni ndefu vilevile. Akaupokea ufunguo akaufunga kwenye pembe ya leso. Hakusema amemsamehe. Sitaandika kwamba alimsamehe.

Athmani aliichukua barua na mashua ya alasiri. Kabla ya kupanda alinikimbilia akaomba karatasi nyingine, na kwa mkono wake akaandika kwamba rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno aliyoyasikia bila kuyahakikisha, na kwamba aliyeyaandika ni yeye. Akaikunja pamoja na ile.

Nimesoma niliyoandika hapa, na sijui kama nimemtendea haki. Kuna mahali nimemfanya mcheshi kupita alivyo, na kuna mahali nimefanya unyamavu wake uwe mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kesho nikipata nafasi nitampelekea daftari nimsomee. Kahawa nitaitia tangawizi ya kutosha.

Jioni Mwanaesha alirudi kutoka jabia na dumu limejaa, amechoka na anacheka, akasema Bi Rehema anaita majina kutoka mlangoni, wa Juu mmoja, wa Bahari mmoja, na kwamba Mwalimu alisimama kwenye foleni nyuma ya watu na dumu lake, akangoja zamu yake. Tumekula mkate wa mofa na samaki wa kupaka, na chai ya maziwa. Maji yake ya mvua.